Homa Iliyopanda Ndege

Kila siku akitoka shule, Merahi alimkuta babu yake, Tori, nyuma ya nyumba akiwanywesha farasi maji. Alitupa mkoba barazani, akachukua ndoo ya pili na kumsaidia. Hawakuzungumza sana. Babu Tori alikuwa bahili wa maneno kwa binadamu. Mengi aliwawekea farasi. Kazi ilipokwisha, Merahi alinawa mikono, akaketi jikoni na simu mbele yake, akangoja saa kumi ifike.

Saa kumi ya kijiji chetu cha Hanga Roa ni saa kumi na mbili ya Santiago, mji mkuu ulioko bara, kwa kuwa kisiwa chetu cha Rapa Nui kiko nyuma ya bara kwa saa mbili. Wakati huo Mama alikuwa amekwisha kupimwa na hajaletewa chakula cha jioni. Alikuwa amelazwa huko tangu Aprili. Alikuwa na mimba ya mapacha, nayo ilikuwa na matatizo, na daktari wa kisiwani alisema wazi kwamba hana vifaa vya kumtunza mtoto atakayezaliwa kabla ya wakati wake. Kwetu mimba ya namna hiyo hupandishwa ndege. Baba alikwenda naye kumwangalia. Merahi, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, akabaki na babu.

"Umekula nini leo?" Mama aliuliza siku moja.

"Samaki."

"Na jana?"

"Samaki."

"Babu yako hajui kupika kitu kingine?"

"Anajua. Kesho ni samaki wa kukaanga."

Mama alicheka, kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu kucheka kulimuumiza. Walipoagana, nyumba ikawa kimya tena. Merahi aliuchukia ukimya ule. Kuna jioni alizoandaa sahani nne mezani kwa mazoea, akazitazama, akazirudisha mbili kabatini kabla babu hajaingia. Alikuwa mpweke hasa, upweke wa kumfanya mtu aende kulala mapema bila usingizi, na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Babu alikuwa na farasi wake, na Mama alikatazwa kupata wasiwasi.

Ndiyo maana ilipofika Julai na Baba akamtumia tiketi ya likizo, Merahi aliisoma mpaka akaikariri. Rafiki yake Tavake, aliyekwisha kwenda bara mara kadhaa kutibiwa meno, alikuja kuiona.

"Inaondoka saa nne asubuhi na kufika saa kumi na moja jioni," Merahi alisema. "Nitakaa angani saa saba."

"Saa saba? Ndege gani hiyo, ya kupiga makasia?" Tavake alimcheka. "Wewe, saa nne ni ya hapa. Saa kumi na moja ni ya kule. Toa zile mbili za kwao."

Merahi alihesabu kwa vidole. "Zinabaki tano."

"Tano, na mara nyingine hazifiki. Sasa soma ya kurudi."

Ndege ya kurudi ilitoka Santiago saa tatu asubuhi, ikatua kisiwani saa saba kasoro dakika ishirini. "Hii ni saa tatu na dakika arobaini tu," Merahi alisema, kisha akajikamata mwenyewe. "Hapana. Naongeza zile mbili. Saa tano na dakika arobaini. Basi kurudi ni mbali kuliko kwenda?"

"Umbali ni ule ule," Babu Tori alisema kutoka mlangoni, na wasichana wote wawili wakageuka, maana hawakujua kama anasikiliza. "Ukienda, upepo unakusukuma mgongoni. Ukirudi, unakupiga usoni. Ndege nayo inachoka kama farasi." Akatoka kurudi kwenye zizi lake. Tavake alisema hajawahi kumsikia mzee yule akitoa hotuba ndefu namna hiyo.

Maandalizi yakaanza. Babu alikwenda naye kupeleka karatasi za mtoto anayesafiri peke yake. Shangazi Kena, dada yake Baba, alileta koti zito, kwani Julai ya Santiago si ya mchezo. Majirani nao walikuja kama wanavyokuja kwetu kila mtu akisafiri: huyu na samaki aliyegandishwa ndani ya boksi kwa ajili ya kaka yake, yule na mkate wa ndizi wa binti yake anayesoma chuo, mwingine na viazi vikuu vya mtu ambaye yeye aliyevileta hakukumbuka hata jina lake kamili. Babu alipokea vichache, vingine akavirudisha.

"Huyu ni mtoto," alimwambia jirani wa viazi. "Si meli ya mizigo."

Wiki ile ile meli kubwa ya watalii ilitia nanga nje ya kijiji, na siku chache baadaye nusu ya darasa ilikuwa ikikohoa. Mafua ya namna hiyo tunayaita kokongo. Wazee wameyajua tangu zamani, na sote tumekua tukisikia kwamba kokongo hushuka kutoka kwenye meli na ndege za wageni. Tunaisema kwa mzaha, tunakunywa vitu vya moto, tunalala, inapita. Kwamba kokongo inaweza pia kupanda ndege na kuondoka hapa, hilo hakuna kwetu aliyewahi kulifikiria.

Jioni ya mwisho kabla ya safari, Merahi alihisi koo linamkereketa. Baadaye kidogo mwili ukaanza kumuuma na mashavu kuwaka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akajua kabisa kinachoendelea.

"Unakohoa?" Babu aliuliza kutoka chumba cha pili.

"Vumbi la nyasi, Babu."

Babu aliamini. Merahi alijilaza akitazama dari na kupiga hesabu. Akisema ukweli, atapelekwa kupimwa na safari itaahirishwa. Ndege za likizo zilikuwa zimejaa. Mapacha watazaliwa yeye akiwa hapa, katika nyumba ya sahani mbili, akingoja saa kumi ifike. Hapana. Kabatini mlikuwa na vidonge vya kutuliza homa. Alisoma maelekezo kwenye pakiti: kimoja hufanya kazi kwa muda wa saa nne hadi sita. Safari ni saa tano. Kidonge kimoja kinatosha kumvusha bahari, akasema moyoni, na akaona amefanya hesabu ya kikubwa.

Asubuhi alimeza kimoja kabla ya kutoka nyumbani, na pakiti iliyobaki akaisokomeza ndani ya sanduku kubwa.

Kwetu mtu hasindikizwi na mmoja. Uwanjani walikuja Tavake na mama yake, Shangazi Kena na majirani wote wenye mizigo, na kila mmoja alimvisha mkufu wa kombe za baharini shingoni na kumbusu mashavuni. Merahi alikuwa akiyageuza mashavu yake haraka haraka.

"Mbona uso moto hivi?" Shangazi Kena aliuliza.

"Nimekimbia na mizigo, Shangazi."

Mfanyakazi wa kampuni ya ndege alimfunga kadi ya mtoto anayesafiri peke yake, akainama kumtazama. "Uko salama? Huna homa, hukohoi?"

"Niko salama."

Babu Tori alimvisha mkufu wa mwisho, akavua kofia, akasimama nayo mkononi mpaka Merahi alipopita mlangoni. Merahi alitaka kurudi kumkumbatia tena, lakini aliogopa babu asije akahisi lile joto.

Hapo ndipo hesabu yake ilipoanza kumgeuka. Alihesabu saa za angani tu. Hakuhesabu foleni ya mizigo, wala ukaguzi, wala kukaa kwenye viti vya chuma wakati ndege ilipochelewa kuondoka. Walipopaa, kidonge kilikuwa kimekwisha kutumika nusu. Katikati ya bahari homa ikarudi kwa nguvu, na pakiti ilikuwa tumboni mwa ndege pamoja na samaki wa jirani.

Kiti cha pembeni yake alikaa Bibi Melania, binamu yake Babu, aliyekuwa akienda bara kuonwa na daktari wa moyo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno mengi, na alipomwona Merahi akitetemeka alimfunika kwa shali yake.

"Unaumwa, mjukuu wangu?"

"Nasikia baridi tu, Bibi."

"Ni hewa yao hii. Wanatugandisha kama samaki. Njoo, egemea hapa."

Alimvutia kichwa begani, akamega mkate wa ndizi na kumlisha vipande kwa mkono wake. Merahi alitafuna bila hamu. Dirishani hapakuwa na kitu ila maji, na maji, na maji. Hakuwahi kuwa mbali na watu wote namna ile, ingawa alikuwa ameegemea bega la mtu. Alijizuia kukohoa mpaka macho yakamtoka machozi, na Bibi Melania, akidhani analilia mama yake, akampapasa nywele. Ndege ilipoanza kushuka, masikio yalimuuma sana kwa sababu ya mafua. Aliuma meno akanyamaza.

Baba alimpokea kwenye lango la abiria, akamkumbatia koti juu ya koti. "Umekuwa mrefu," alisema. "Twende haraka. Wodi wanafunga saa moja. Mama yako amejipamba tangu mchana utadhani anaenda harusini."

Sanduku lilipotokea, Merahi aliomba kwenda chooni, akameza kidonge cha pili kwa maji ya bomba. Walipofika hospitalini homa ilikuwa imeshuka. Alijitazama kwenye kioo cha lifti. Hakuna mtu ambaye angetambua kwamba anaumwa.

Majira ya baridi watoto hawakuruhusiwa kuingia wodi ile, na Baba alikuwa amemwomba daktari kwa siku nyingi ili Merahi akubaliwe. Mlangoni alisimama nesi mwembamba aliyeitwa Ximena, kipimajoto mfukoni.

"Ndiye binti wa kisiwani?" alisema kwa uchangamfu. "Mama yako ametuchosha na habari zako. Kuna mtu ana homa hapa? Kikohozi? Mafua?"

"Huyu? Mzima kabisa," Baba alijibu. "Watoto wa kwetu hawaugui, wanaogelea mwaka mzima."

Mlango ulikuwa na dirisha la kioo. Merahi alichungulia akamwona Mama. Alikuwa amekonda uso na tumbo limekuwa kubwa sana, nywele amezichana na kuzifunga upande mmoja, na alikuwa akiutazama mlango. Kitanda kilichofuata alilala mama mwingine aliye na mirija mkononi. Wote mle ndani walikuwa wakisubiri watoto ambao hawakupaswa kuja mapema. Nesi Ximena alikwisha kushika kitasa.

Merahi aliwahi kujiuliza baadaye kama angesema iwapo Mama asingekuwa anatazama. Miguu iligoma kwenda.

"Nina homa," alisema. "Tangu jana. Nimekunywa dawa ili isionekane."

Nesi aliachia kitasa. Baba alimgeukia, kisha akalitua sanduku sakafuni taratibu. Ingekuwa afadhali angemgombeza.

"Rudi nyuma hatua kidogo, mwanangu," Nesi Ximena alisema kwa upole, akampa barakoa, akampima. Kisha akamtazama machoni. "Umefanya vizuri kuniambia. Lakini leo huingii."

Baba alinawa, akavaa barakoa yake, akasimama pale pale mlangoni kumweleza Mama. Kupitia kioo Merahi alimwona Mama akifunika uso kwa mikono yote miwili. Alikaa hivyo kwa muda. Halafu akaondoa mkono mmoja na kuuinua, na Merahi akainua wake. Hivyo ndivyo walivyosalimiana baada ya miezi ile yote.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote za kisiwani. Merahi alilala peke yake katika chumba kidogo cha nyumba wanayofikia wagonjwa wa kwetu. Madaktari walithibitisha kuwa ni homa kali ya mafua. Baba alimletea supu, akaiacha karibu na mlango, akajipima kila asubuhi na kuzungumza na Mama kupitia simu, kwa sababu naye alizuiwa kuingia mpaka ijulikane hajaambukizwa. Hilo lilimuuma Merahi zaidi ya kichwa. Mama sasa hakuwa na mtu.

Jambo la kwanza Baba alilomtaka afanye ni kumpigia Bibi Melania.

"Ulinilalia begani saa tano nzima," Bibi Melania alisema baada ya kusikiliza. "Na mimi nakulisha kwa mkono wangu kama kifaranga. Moyo wangu huu, Merahi."

"Nisamehe, Bibi."

"Nitakusamehe daktari akishaniona. Sasa hivi nina hasira, acha niwe nayo." Lakini kesho yake alipiga mwenyewe kusema daktari amempa dawa mapema na hajambo, na kuuliza kama Merahi anakula.

Babu Tori naye alipiga. Alikuwa akikohoa. Merahi alisikia kile kikohozi na akajua kimetoka kwa nani.

"Babu, nilikudanganya. Haikuwa vumbi."

"Najua sasa." Babu akakohoa tena. "Nikiwa mdogo, meli ilikuja mara moja kwa mwaka. Ilikaa baharini siku nyingi. Aliyepanda mgonjwa, homa ilikuwa na muda wa kujitokeza kabla hajafika, na bado tuliugua. Ndege ya saa tano haikupi muda huo. Unapanda na homa changa, unashuka nayo ikiwa changa. Kwa hiyo mtu mwenyewe ndiye lazima aseme."

"Nilitaka kumwona Mama."

"Na mimi nilitaka umwone," babu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mpweke pia. Merahi hakuwahi kuwaza kwamba babu naye, jioni, alikuwa akiziona zile sahani.

Mapacha walizaliwa Merahi akiwa bado chumbani. Baba, aliyekwisha kuruhusiwa kuingia, alimpigia simu akicheka na kulia kwa pamoja: msichana na mvulana. Msichana alikuwa mzima. Mvulana alikuwa mdogo sana, wamemweka kwenye kisanduku cha joto, anasaidiwa kupumua. Merahi aliketi sakafuni na simu mkononi. Alifikiria kikohozi chake kikiwa karibu na kisanduku kile, akavuta barakoa yake juu ya pua, ingawa alikuwa peke yake chumbani.

Kikohozi kilipokwisha kabisa na daktari kutoa ruhusa, Baba alimrudisha wodini. Nesi Ximena alikuwa pale pale mlangoni.

"Homa?" alimuuliza Merahi.

"Hapana."

"Kikohozi?"

"Kiliisha. Mafua pia."

"Pita," nesi alisema. Kisha akatoa kipimajoto mfukoni na kumzuia Baba kwa mkono. "Wewe nitakupima. Wewe ndiye uliyeniambia mzima kabisa."

Mama alikuwa ameketi na mtoto wa kike kifuani. Alimshika Merahi kwa mkono uliokuwa huru, akamvuta mpaka paji la uso lake likagusa shavu la binti yake, akakaa hivyo.

"Ulinikasirikia?" Merahi aliuliza.

"Sana. Nilikuwa nimechana nywele tangu mchana." Mama alipangusa macho. "Nikakasirika mpaka nikachoka. Halafu nikawaza: mtoto huyu amevuka bahari yote ili anione, na amesimama mlangoni akasema ukweli uliomzuia kuniona. Kama ungenyamaza, mimi ndiye ningefungua mikono na kukukumbatia, na leo pengine mdogo wako wa kiume, aliye kule kwenye kisanduku, asingekuwepo."

"Niliogopa nikisema nitachelewa."

"Ungechelewa. Ungefika baada ya watoto, kama ulivyofika leo." Mama alimtazama vizuri. "Nisikilize. Mtu akiumwa na kuficha, haamui kwa ajili yake peke yake. Anamwamulia babu yake, na bibi aliyekaa naye, na mgonjwa asiyemjua. Sema ukiwa bado nyumbani, hata kama itakuuma. Na kitu kingine. Ulihesabu saa za ndege, na saa za dawa, na saa za kufunga wodi. Hukuhesabu kwamba sisi tungekungoja."

Merahi alilia hapo, kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya tangu Aprili. Mama hakumnyamazisha. Alisogea kidogo kitandani kumpa nafasi, akamwekea mtoto mapajani, akamwonyesha namna ya kumshikilia shingo.